Kunoa kusoma na kuandika ukijisomea nyumbani: njia ipi ikufae?

Insha yangu ya kwanza ya masomo ya masafa ilirudi na maneno manne ya wino mwekundu: “Umesoma. Umejibu swali gani?” Nilikuwa nimejifungia chumbani wiki tatu. Karibu kila ukurasa wa kitabu nilikuwa nimeupaka rangi ya njano, daftari limejaa, na kila nilipofungua sura niliyokwisha kuisoma niliiona kama ndugu yangu. Ila katika wiki hizo tatu hapakuwa na mtu wala kitu kilichoniambia: hapo umekosea.

Hilo ndilo pengo la kusomea nyumbani. Darasani hata mwalimu mvivu atakuuliza swali siku moja moja, na mwenzako wa dawati akikuchungulia daftari atacheka. Nyumbani unaweza kurudia kosa lile lile mwaka mzima kwa amani kabisa. Kwa hiyo katika kulinganisha njia hizi sitauliza ipi ni ya kisasa wala ipi haichoshi. Nauliza moja tu: ipi itakuonyesha kosa lako wakati mwalimu hayupo?

Kwanza ujue unakwama wapi

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliueleza usomaji kwa hesabu fupi: utambuzi wa maneno zidisha kwa uelewa wa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha, maana upande mmoja ukiwa sifuri jibu nalo ni sifuri. Kwa sisi tunaosoma Kiswahili hesabu hii ina mtego wake. Tahajia yetu hufuata matamshi kwa karibu sana, hivyo mtu aliyezijua silabi anaweza kusoma kwa sauti ukurasa mzima wa sheria au wa kemia bila kukwaa, akapumzika kwenye vituo vyote, na asiambulie kitu. Wanaomsikiliza husema anajua kusoma. Na yeye huwaamini.

Jipime hivi kabla ya kuchagua chochote. Chukua aya moja ya somo lako, isome kwa sauti huku simu ikirekodi, funga kitabu, kisha endelea kuongea: aya imesema nini? Baada ya hapo andika sentensi tatu kuhusu jambo hilo hilo, halafu usikilize ulichorekodi. Ukisikia unakwaa kwenye maneno yenyewe, unahitaji kusoma kwa wingi kuliko kitu kingine chochote. Ukiwa umesoma vizuri lakini maelezo yako ni “inazungumzia mambo ya… yaani… mambo ya uchumi”, shida ni ufahamu. Na kama uliongea ukaeleweka ila sentensi tatu zimetoka vipande vipande, achana kwanza na mbinu za kusoma. Shughulika na kuandika.

Mimi nilikuwa wa kundi la pili, nikajitibu kama wa kundi la kwanza. Niliongeza vitabu.

Kusoma sana au kusoma kwa kina

Kusoma sana ni kuchukua maandishi mepesi unayoyafurahia na kuyapita kwa wingi bila kamusi: hadithi, magazeti, makala za michezo. Kusoma kwa kina ni kukaa na ukurasa mmoja hata saa nzima, kalamu mkononi, ukiuliza kila sentensi imekuja kufanya nini.

Kusoma sana hukupa vitu ambavyo hakuna zoezi litakupa. Macho yanazoea, maneno yanajirudia mpaka yanakaa, na sikio linapata mwendo wa sentensi iliyonyooka. Tena unaweza kusoma hivyo ukiwa umechoka. Ubaya wake ni kwamba hakukusahihishi. Neno ulilolielewa kombo leo utalielewa kombo na kesho, na hadithi itaendelea tu. Kusoma kwa kina kunakushika shati: sentensi usiyoweza kuieleza unaiona pale pale. Lakini kunachosha, na mtu akijilazimisha kusoma hivyo kila ukurasa ataacha kusoma kabla mwezi haujaandama.

Kipimo cha kuchagua kiko ndani ya maandishi yenyewe. Watafiti wa msamiati, Paul Nation akiwa mmoja wao, wamewachunguza watu wanaojifunza Kiingereza na kuweka mpaka kwenye asilimia 98: ili mtu aelewe vizuri bila msaada, maneno mageni yasizidi moja katika kila maneno 50. Fanya hesabu hiyo kwenye maneno 100 ya kwanza. Ukikuta mageni mawili au pungufu, soma kwa wingi, usisimame. Yakifika matano, hicho ni kitabu cha kusoma kwa kina, na kukipita mbio ni kujidanganya.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli waisome. Waliokuwa dhaifu katika kusoma lakini wanaujua mchezo waliielewa na kuikumbuka kuliko hodari wa kusoma wasioujua. Kwa hiyo kabla ya kuingia kwenye sura ngumu ya somo lako, tafuta kitu chepesi kuhusu mada ile ile, hata kiwe cha watoto, ukisome kwanza. Hapo kusoma sana kunakuwa mtumishi wa kusoma kwa kina, nawe huhitaji tena kuchagua upande.

Kuhusu kasi nitasema kidogo. Marc Brysbaert mwaka 2019 alikusanya tafiti 190 na kupata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa watu wazima wanaosoma kimya maandishi ya Kiingereza yasiyo ya kubuni. Usijipime kwa namba hiyo ukiwa na kitabu cha Kiswahili. “Hawatatutembelea” kwetu ni neno moja. Kiingereza kitahitaji matano kusema hivyo. Na mtu anayekuuzia mbinu ya kusoma mara tatu ya kasi yako bila kupoteza uelewa, mshukuru, uweke fedha zako mfukoni.

Kurudia kusoma au kufunga kitabu

Hapa sina haja ya kupima pande mbili kwa haki, kwa sababu hazilingani. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi wa chuo matini fupi. Baadhi waliisoma mara ya pili, wengine walifunga na kuandika walichokumbuka, bila kuonyeshwa walipokosea. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliofunga walikumbuka asilimia 56, waliorudia asilimia 42.

Ile ya dakika tano ndiyo iliyonipoteza. Nilikuwa najipima usiku ule ule, pale ambapo kurudia kusoma kunang’aa kuliko kitu kingine, kisha naenda kulala nimeridhika. Rangi ya njano nayo ni jamaa ya ugonjwa huo: inakuonyesha ulipopita, haikuonyeshi ulichoacha. Ukitaka kupaka rangi, paka baada ya kukumbuka, na upake yale tu uliyoyasahau. Kitabu kitakuwa na rangi kidogo, na kila penye rangi ni deni lako.

Shajara au kuandika upya

Upande wa kuandika, ushauri ambao kila mtu huutoa ni shajara: andika ukurasa mmoja kila siku, utazoea. Ni kweli utazoea. Mtu aliyekaa miaka bila kushika kalamu, anayeogopa karatasi tupu, aanzie hapo na asisikilize mengine. Shajara inaondoa woga na kuzoeza mkono.

Lakini shajara haina wa kukupinga. Niliandika yangu karibu mwaka mzima, na nilipokuja kuipitia nikakuta “ambae” kwenye kila ukurasa, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, bila “ambaye” hata mmoja. Sikuwa nimejifunza kuandika. Nilikuwa nimekikomaza nilichokuwa nacho.

Njia ya pili ina zaidi ya miaka mia tatu. Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa wa Marekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706, aliacha shule akiwa na miaka kumi, na baadaye akawa mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Alijisomea usiku baada ya kazi, alfajiri kabla ya kazi, na Jumapili. Alilipata gazeti la London liitwalo The Spectator, akapenda lilivyoandikwa, akataka kuandika vile. Basi akawa anachukua makala, anaandika dokezo fupi la kila sentensi, anaweka kando siku chache, kisha anajaribu kuiandika upya kwa maneno yake akitazama madokezo tu. Mwisho analinganisha na ya asili na kusahihisha alipopungukiwa. Wakati mwingine aliyachanganya madokezo makusudi, ili ajifunze kupanga mawazo.

Mwalimu wake alikuwa ile makala ya asili. Ndiyo sababu naipenda njia hii kuliko zote kwa mtu aliye peke yake.

Acha nikuonyeshe ilivyonifanyia. Aya yenyewe ilihusu sabuni, na ilikuwa hivi:

“Sabuni haiyeyushi mafuta; huyashika. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, ya pili huyakimbia na kujichimbia ndani ya mafuta. Ndiyo maana ukisuuza, maji huivuta sabuni, na sabuni huyavuta mafuta.”

Madokezo yangu: mafuta, kushika, ncha mbili, kusuuza. Siku tatu baadaye nikaandika:

“Sabuni ni kitu ambacho kinasaidia katika kuondoa mafuta kwasababu ina ncha mbili ambazo moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta, hivyo basi ukisuuza mafuta yanaondoka.”

Nilipoziweka pamoja, “kwasababu” iliyoshikana ilikuwa ndogo kuliko zote. Nilitumia “ni kitu ambacho kinasaidia katika kuondoa” mahali ambapo “huondoa” ingetosha. Mwandishi alitumia hu- kwa sababu ni jambo la siku zote. Mimi nikatumia -na-, kana kwamba sabuni ile iko beseni muda huu. “Ncha mbili ambazo moja” ni sentensi iliyovunjika mguu katikati. Lakini kosa kubwa lilijificha kwenye “hivyo basi”. Katika aya ya asili kuna mnyororo: maji huvuta sabuni, sabuni huvuta mafuta. Kwangu mnyororo haupo. Niliweka “hivyo basi” kama mtu anavyoweka ubao juu ya shimo. Yaani sikuwa nimeelewa sabuni inafanyaje kazi, na nisingejua hilo kwa kusoma hata mara kumi, nilijua nilipoandika.

Kuna sehemu moja niliyoona yangu ni bora. “Inapenda mafuta” inaingia kichwani upesi kuliko “huyakimbia na kujichimbia”. Franklin naye anasema mara chache alijiona ameizidi ya asili katika mambo madogo madogo, na hilo lilimtia moyo.

Gharama yake ni muda. Aya moja ya sentensi tatu hula dakika ishirini kwa jumla, tena zimegawanyika siku mbili. Usiifanye kila siku. Mara mbili kwa wiki, aya fupi, kutoka kwa mtu anayeandika jinsi unavyotamani kuandika. Ukichagua maandishi mabovu utayaiga mabovu.

Na imla je?

Wengi wanaikumbuka kwa viboko, lakini imla ukijifanyia mwenyewe haina ubaya. Tafuta sauti iliyo na maandishi yake: habari iliyosomwa, kitabu cha sauti chenye nakala, au ujirekodi mwenyewe ukisoma kisha usikilize baada ya wiki. Andika unachosikia, linganisha.

Imla hukamata kile ambacho kuandika upya hakikamati vizuri, yaani tahajia. Hapo ndipo “alafu” inapokutwa bila h yake, “mahali” inapogeuka “mahari”, “kura” inapokuwa “kula”, na “thamani” kukaa kwenye kiti cha “zamani”. Hapo pia utaona kama wewe ni wa kukata vitenzi, “nita kuja”, “ame sema”, tabia tuliyoiokota kwenye ujumbe wa simu na kuileta mpaka kwenye mtihani. Kwa hiyo ukiwa na shida ya herufi, chagua imla. Ukiwa na shida ya sentensi na hoja, chagua kuandika upya. Mwenye shida zote mbili aanze na imla, maana mwezi mmoja hutosha kuona nafuu.

Karatasi, skrini, mkono, kibodi

Tumia ulicho nacho. Hata hivyo, kama una nafasi ya kuchagua: uchambuzi wa Pablo Delgado na wenzake wa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 171,000, ulikuta watu wanaelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maelezo na hasa wakibanwa na muda. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti. Basi hadithi zako ziache kwenye simu, na sura ngumu ichapishe.

Mkono na kibodi nimeona vikigombaniwa bure. Utafiti wa mwaka 2014 uliosema kwamba wanaoandika kwa mkono wanaelewa somo zaidi ulivuma sana, lakini waliourudia baadaye hawakupata matokeo yenye nguvu ile. Ninachokiona mimi ni kwamba kibodi inakushawishi unakili neno kwa neno, na mkono hauwezi, kwa hiyo unafupisha ukitaka usitake. Ukiweza kufupisha kwenye kibodi, endelea nayo. Isipokuwa mtihani wako ni wa kalamu. Hapo fanya mazoezi kwa kalamu, mkono usije ukakuishia katikati ya swali la pili.

Nani asahihishe?

Mtu, programu, au wewe mwenyewe.

Mtu ndiye bora na ndiye adimu. Makosa tunayofanya ni kumpa ndugu au rafiki kurasa tano na kumwambia “nisomee”. Atarudi na “iko vizuri”. Mpe ukurasa mmoja na kazi moja isiyohitaji ujuzi wowote: weka alama pale ulipolazimika kusoma mara mbili. Hata asiyejua sarufi anaweza kufanya hivyo, na alama zake hazidanganyi.

Programu ziko za aina mbili. Ile ya kukagua tahajia mara nyingi haikijui Kiswahili vya kutosha, na itapiga mstari mwekundu chini ya “hawajatuandikia” ilhali kitenzi kiko sawa kabisa. Ukiizoea utaanza kupuuza mistari yote, hata ile ya haki. Akili mnemba ni jambo jingine. Inajua, inaandika vizuri, na hapo ndipo inapokuibia: ukiipa insha ikurekebishie, inakurudishia insha safi ambayo si yako, na kosa lako limezikwa kabla hujaliona uso. Iagize kinyume chake. “Nionyeshe sentensi tatu zenye kasoro, usizirekebishe, usiniambie kasoro ni ipi.” Kazi ya kutafuta ibaki kwako. Na inapokosoa neno lako kwa kujiamini, fungua kamusi kwanza, kwani huwa inakosoa hata yaliyo sahihi.

Wewe mwenyewe unafaa ukijipa muda. Insha ya leo usiisahihishe leo. Macho bado yanasoma ulichokusudia badala ya kilichoandikwa. Iweke siku mbili, kisha isome kwa sauti. Sentensi inayokumaliza pumzi ni ndefu mno, na pale ulimi unaposita pana kitu. Mimi naongeza daftari dogo la makosa: kila nililokamatwa nalo linaingia humo, na kabla ya kuandika chochote nalipitia kwa dakika moja. “Ambae” ni mstari wa kwanza.

Ukitaka kulipia kozi ya mtandaoni, uliza swali moja kabla ya kutoa fedha: kuna mtu atakayesoma nilichoandika na kunirudishia? Jibu likiwa hapana, unanunua video. Video huenda zikawa nzuri, lakini kikundi cha watu watatu wanaobadilishana kurasa kitakufaa zaidi, tena bila malipo.

Kwa hiyo wewe je

Mwenye mtihani baada ya miezi miwili, acha shajara kabisa. Funga kitabu baada ya kila sehemu uandike ulichokumbuka, na mara mbili kwa wiki fanya zoezi la Franklin kwa aya kutoka kwenye masomo yale yale unayotahiniwa.

Aliyeacha shule siku nyingi asome kwa wingi vitu vyepesi mwezi mzima, na shajara juu yake, kabla ya kugusa kitu chochote kigumu. Makosa atayafuata baadaye. Kwa sasa anatafuta mazoea.

Mwenye nusu saa tu kwa siku, kati ya kazi na usingizi, agawanye hivi: dakika kumi na tano za kusoma, tano za kufunga na kuandika, na kumi za imla. Imla yenyewe ianze na sauti ya dakika moja, isizidi. Nilianza na dakika tatu, na mkono ulichoka kabla ya sikio.